Siku Nne Kilwa na Tepu Mfukoni

Alhamisi

Tulikuwa wanne ndani ya gari moja. Mwalimu, anayefundisha historia sekondari, ndiye aliyetupigia kelele mwaka mzima kwamba ni aibu watu wazima kuijua Kilwa kwa maswali ya mtihani tu. Bibi Harusi ameolewa miaka sita sasa, anauza vitenge, na jina la utani limekataa kumtoka. Dereva ndiye mwenye gari, kwa hiyo ndiye mwenye kauli kuhusu muziki na mahali pa kuchimba dawa. Mimi wananiita Injinia, ingawa cheti changu ni cha uashi na kazi yangu ni kusimamia mafundi saiti. Nakitaja cheo hiki mapema kwa sababu kiliwasumbua wenzangu safari nzima. Natembea na tepu ya mita tano mfukoni, na nikiona ukuta mkono unaniwasha.

Tuliondoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, mikorosho kulia na kushoto, usingizi kiti cha nyuma. Nilizinduka tulipokuwa juu ya Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja ya zege juu ya Rufiji. Dereva alipunguza mwendo akatuhadithia habari za baba yake, aliyekuwa akipeleka mizigo Lindi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003. Wakati ule mto ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea watu walikuwa wanalala pale na magari yao, wanapika pale, wanagombana pale. Sisi tulivuka kabla wimbo mmoja haujaisha.

Somanga tulikula samaki wa kukaanga. Nangurukuru tukaiacha barabara ya Lindi, tukakata kushoto, na alasiri tukawa Kilwa Masoko. Kazi ya siku ile ilikuwa moja tu, kwenda ofisini kulipia vibali na kutafutiwa mwongozaji, kwa sababu huvuki kwenda kwenye magofu kienyeji. Kuna kiwango cha raia na kiwango cha mgeni. Tulijaza fomu, tukapewa risiti, tukaambiwa tuwe gatini mapema kwa ajili ya maji. Bibi Harusi akanunua katoni ya maji ya kunywa. Kumbe yule bwana alikuwa anazungumzia kujaa na kupwa.

Ijumaa

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita mbili. Ukisimama gatini unaliona Gereza ng'ambo, unadhani ukipiga kelele mtu atakuitikia. Lakini ilikuwa Agosti, kusi inavuma, na kisiwa kiko upande ule ule upepo unakotoka, hivyo dau letu lilikwenda kwa kubisha: linaelekea kushoto, linageuza tanga, linaelekea kulia, kisha linarudi kushoto tena. Kilomita mbili zikawa safari ya kueleweka.

Mwongozaji wetu ni mzee mkazi wa Kisiwani, aliyevuka asubuhi ile kutufuata. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba, wanangu", kisha hakupoteza muda. Alianza na hadithi ya nguo. Inasemekana Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alipofika alikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo ya kuweza kukizunguka kisiwa kizima.

"Doti ngapi hizo?" Bibi Harusi akauliza.

"Hesabu hiyo hawakutuachia, mwanangu."

"Basi aliyeuza alipigwa. Nguo ya kuzungushia kisiwa hununui kwa doti, unaongea bei ya jumla."

Mwalimu alikuwa na lake. Waliochimba pale, hasa Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta watu wameishi Kisiwani tangu karne ya 9 hivi, kabla ya wakati wa hadithi hiyo, na nyumba zao za mwanzo zilikuwa za miti na udongo. Nilisikia "miti na udongo" nikapitisha. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mawe.

Gereza linakupokea kwanza. Ni ngome, si jela. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuvamia mji na kuupora, na hili linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wa mwaka 1800 hivi. Mwalimu anasema neno lenyewe limetokana na la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwa hiyo ni ngome yenye jina la kanisa ambalo siku hizi maana yake ni jela. Bahari imekula upande wake wa mbele. Mawimbi ni moja ya sababu zilizofanya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziwekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Zilitolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa ili ipunguze nguvu ya maji.

Kisha tukafika Msikiti Mkuu, na hapo ndipo nilipowapotezea wenzangu saa nzima.

Nianze na mti. Nyumba ya mawe ya pwani inaezekwa kwa boriti, na boriti ni mkoko. Ni mti mzito, mgumu, mchwa hauutaki. Unalaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake unapanga vipande vya mawe, unamwaga chokaa na kokoto, unashindilia. Dari hiyo ina uzito wa kuogofya. Boriti iliyonyooka na kubeba uzito huo haina urefu wa kuchezea, kwa hiyo chumba hakitanuki. Kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana unaamuliwa na mti. Ukitaka ukumbi mpana una njia mbili tu: usimamishe nguzo katikati, au uachane na boriti kabisa ujenge matao.

Msikiti Mkuu una njia zote mbili chini ya kibla kimoja. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 hadi 12. Ilikuwa na nguzo tisa zilizobeba dari bapa. Za kwanza zilichongwa kwa matumbawe, baadaye zikawekwa za mti. Leo juu ni mawingu. Ukigeuka kusini unaingia kwenye kipande kipya, kilichoanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Kilibomoka, kikajengwa tena karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba, na sehemu kubwa ya paa hilo bado iko. Unatembea chini yake, unapata kivuli, unasikia sauti yako inakurudia.

Kwa mtu wa zege na nondo, kile ni kitu cha kukunyamazisha. Hakuna chuma mle. Ni vipande vya matumbawe ndani ya chokaa, vimepangwa juu ya mbao zilizokatwa umbo la tao. Chokaa ikishika, mbao zinatolewa, na kila kipande kinabaki juu kwa sababu mwenzake anakisukuma. Siku ya kutoa mbao za zege mimi silali, na zege langu lina nondo. Huyu fundi wa karne ya 15 alijua kabisa kwamba paa la kwanza mahali pale pale lilishawahi kuanguka, na akaamuru mbao zitolewe.

"Mzee, naweza kupima?"

"Pima. Ila usiegemee."

Kwenye ukuta wa upande mkongwe kuna matundu ya boriti, yamepangana mstari mmoja juu ya kichwa. Dereva alinipa kiganja nikakanyaga, nikachungulia moja kwa tochi ya simu. Mti umeoza umekwisha miaka mingi, lakini chokaa iliyoukumbatia imebaki na umbo lake: duara lisilo kamili, limebonyea kidogo upande wa chini, na ndani mchirizi mmoja mrefu ambapo pengine palikuwa na kovu la tawi. Nilitia vidole vitatu vikaenea. Sikupima. Nilishuka, Dereva akafuta kiganja kwenye suruali yangu.

Msikiti Mdogo wa kuba uko umbali wa kutembea kidogo, na umesalimika kuliko majengo yote ya aina yake pale. Darini walipachika mabakuli ya kung'aa, kama mtu anavyopachika vigae vya urembo. Mengi yameng'olewa, yameacha mashimo mviringo kama vifuniko vya sufuria. Makutani, jumba lenye kuta kubwa la karne ya 18, tulipita haraka. Kusema kweli baada ya kuba zile sikuwa na macho tena.

Ilipokaribia saa sita na nusu Mzee alitazama jua, akasema anakwenda kuswali Ijumaa. Dereva akafuatana naye. Hawakwenda Msikiti Mkuu, walielekea kijijini kwenye msikiti wao wa siku hizi. Watu wanaishi Kisiwani, jambo ambalo picha za vitabu vya shule hazikuonyeshi. Mbuzi wanapita katikati ya magofu, watoto wanakata njia humo wakitoka shuleni, na nguo zimeanikwa mahali ambapo pengine panangojewa na mtaalamu mwenye brashi na kijiko.

Sisi watatu tulikaribishwa kivulini na mama mmoja aliyekuwa anashona makuti. Alikuwa na ufito mrefu kama mkono na kiganja, anachukua majani ya mnazi, anayakunja juu ya ufito, anayafunga kwa ugwe, anachukua mengine. Hatazami. Anaongea na sisi, anamkemea kuku, anashona. Bibi Harusi akaomba ajaribu. Majani yake yalikaa kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku. Mama akayafungua kwa upole, akayashona upya, akasema, "Hili lingevuja."

Nyuma yake nyumba ilikuwa imesimama nusu: nguzo za mikoko zimechimbiwa, fito zimefungwa mlalo na wima, na vipande vya mawe vimeshaanza kujazwa upande mmoja tayari kukandikwa udongo. Nikatoa tepu. Mama akacheka, akauliza kama natoka serikalini.

Hapo ndipo Mwalimu alipotukumbusha Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alipita Kilwa mwaka 1331, al-Hasan bin Sulaiman akiwa kwenye kiti, akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake. Watu hupenda kunukuu hapo wakaishia hapo. Lakini aliendelea kusema kwamba mji ule ni wa miti, na nyumba zake zimeezekwa kwa manyasi.

"Na mawe yote haya?" nikauliza.

"Mawe walikuwa nayo wachache. Mji ulikuwa hivi." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya mama, ile ya nusu.

Nilibaki nimeshika tepu. Asubuhi nzima nilikuwa nasikitika kwamba ufundi wa Kilwa umekufa, umebaki matundu ukutani. Ule wa mawe, sawa. Lakini ufundi uliojenga sehemu kubwa ya mji ulikuwa umekaa mbele yangu juu ya kigoda, unamkemea kuku.

Tulikula wali na pweza kwa mama huyo huyo. Alasiri Mzee akatupeleka Husuni Kubwa, mwendo wa miguu kupita mashamba na mibuyu hadi kwenye genge juu ya bahari. Hili ndilo jumba alilojenga al-Hasan bin Sulaiman, na jiwe lenye jina lake lilipatikana humo. Lina vyumba zaidi ya 100. Lina uwanja wa kuonana na wageni, uwanja wa bidhaa, ngazi za kushuka baharini, na birika la kuogelea la pembe nane linalotazama maji. Fedha ilitoka kwenye dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ambayo Kilwa iliisimamia njiani kwenda ng'ambo. Jumba lenyewe halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Nimesimamia nyumba mbili za namna hiyo maishani mwangu: tajiri anaongeza vyumba kila akija saiti, mwisho hahamii.

Tulikaa kwenye ukingo wa birika miguu ikining'inia ndani. Mwalimu akatupa kitu ambacho nadhani alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya mahali pale. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu za shaba. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili una jina la sultani, na pande mbili zinaishia kwa kina kimoja. Ukiigeuza sarafu unamalizia ubeti.

"Yaani ulikuwa unanunua samaki kwa shairi," Dereva akasema.

Moja ya sarafu za al-Hasan ilikutwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Bibi Harusi alitaka kujua huko shairi lilinunua nini. Hatukupata jibu, na jua lilikuwa linashuka. Tulirudi na upepo nyuma, dau limenyooka moja kwa moja mpaka gatini. Sikumaliza hata kufunga kamba za viatu.

Jumamosi

Kwenda Songo Mnara tulikodi boti ya mashine, kwa kuwa ni mbali zaidi, kusini, na njia inapita kati ya visiwa na mikoko. Nahodha alitutaka saa kumi na mbili na nusu kamili, kwa sababu ya maji. Safari hii tulielewa. Tukafika gatini saa moja na robo. Kosa lilikuwa la chai, na chai ilikuwa ya Dereva.

Kwenda hapakuwa na shida. Maji yalikuwa bado ya kutosha, tukashuka kwenye mkondo katikati ya mikoko, tukatembea kwenye tope mpaka nchi kavu. Tope la mikoko lina tabia yake: linakuachia mguu, linabaki na kiatu. Bibi Harusi alipoteza ndala ya kushoto hatua ya nne. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ndala, na haikuwa yake. Alizivaa hivyo hivyo siku nzima, moja ya bluu na moja ya mtu mwingine.

Songo Mnara ni mji uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha watu wakahama. Hakuna ngome ya Mreno iliyojengwa juu yake, wala jumba la Mwomani lililochukua mawe yake, kwa hiyo unauona mji kwa mpango wake: nyumba zimepakana, msikiti, makaburi, ukuta wa mji. Ukisimama uwanjani unaweza kubisha hodi.

Na hodi ina mahali pake. Unapanda ngazi, unaingia ua mdogo uliozama chini, na pembeni kuna baraza ya mawe. Mgeni anaishia pale. Ndani zaidi kuna chumba kirefu chembamba, nyuma yake kingine, nyuma yake kingine, kila kimoja na giza zaidi ya mwenzake. Nilipima vinne katika nyumba mbili. Upana wa vyote haukufika mita tatu. Nilimwonyesha Mwalimu daftari kwa fahari, akasema, "Umegundua mkoko."

Dereva yeye aligundua vyoo. Viko ndani ya nyumba, vina mashimo yaliyochongwa vizuri na mahali pa kujimwagia maji. Alitangaza kwamba mtu wa Songo Mnara wa mwaka 1400 alikuwa na choo bora kuliko chumba tulicholala Masoko, na kuhusu hilo sina cha kumpinga.

Mimi niliganda kwenye vizingiti vya milango. Matumbawe ni ya aina mbili kwa mwashi. Kuna lile gumu linalochimbwa nchi kavu, la kujengea kuta, halina umbo, unalificha kwa lipu. Na kuna laini linalotolewa baharini likiwa hai. Likiwa bichi unalichonga kwa patasi kama unavyochonga mti, unapata kona kali na mistari myembamba. Likikauka linakaza na kubaki hivyo. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda. Akichelewa, jiwe limemfungia. Kwenye mlango mmoja niliona mistari mitatu ya urembo inayozunguka fremu, imenyooka kama imepigwa na uzi, isipokuwa kona ya juu kulia, ambapo mstari wa ndani umepinda kidogo kukwepa tundu la asili la tumbawe. Fundi hakulijaza tundu. Alilikwepa, akaurudia mstari wake. Nilimwita Bibi Harusi aje aone. Alitazama akasema, "Kama fundi cherehani anapokutana na kitambaa chenye dosari." Huyo ndiye mtu wa kusafiri naye.

Saa ya kurudi ikawa ya malipo ya ile chai. Maji yalikuwa yametoka. Boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na nahodha amelala ndani yake kofia usoni. Hakufoka. Alisema tu, "Niliwaambia saa kumi na mbili na nusu," akarudisha kofia.

Tulikaa saa mbili na nusu kwenye mizizi ya mikoko. Maji ya kunywa yaliisha, jua likatupiga, na mazungumzo yakapita kwenye historia yakaishia kwenye nani alikunywa vikombe vingapi vya chai. Kaa wadogo walitoka mashimoni, wakatutazama, wakarudi. Bahari ilipoanza kurudi ilikuja bila sauti, kwanza kama unyevu kwenye tope, kisha vijito vyembamba kati ya mizizi, kisha boti ikajiinua yenyewe ubavu. Nahodha akaamka papo hapo, kama mtu aliyeitwa jina.

Jumapili

Siku ya kurudi, na tulikuwa tumeungua mabega. Kilwa Kivinje iko njiani, unachepuka kidogo tu, kwa hiyo Mwalimu alitushinda.

Kivinje ni Kilwa ya karne ya 19. Kisiwani ilipofifia, biashara ilihamia bara, na biashara yenyewe ilikuwa ya watu. Misafara ilitoka hadi upande wa Ziwa Nyasa ikateremsha mateka ufukweni hapa. Kisiwani nako kulikuwa na mikono: mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mwalimu alilisema hilo akiwa amesimama kando ya maji, na safari hii hakuna aliyetia neno. Siku mbili tulikuwa tumesifia kuta. Nilijaribu kufikiria nani hasa alibeba matumbawe kutoka baharini, nani alikata magogo ya kuchomea chokaa. Tanuri moja la chokaa linakula kuni za kutisha.

Boma la Wajerumani liko ufukweni, limechakaa. Karibu na mji kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, palipokuwa na mwembe wa kunyongea. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani huku kusini, alinyongwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Tulisimama pale dakika chache. Dereva alizima injini kabisa, yeye ambaye huwa anaiacha ikinguruma.

Wenzangu wakaenda kutafuta kahawa. Mimi nikapita mtaa wa nyumba za zamani, milango ya nakshi, kuta za mawe zilizovimba lipu. Moja ilikuwa imeanguka paa. Kupitia mahali palipokuwa dirisha niliona chumba kirefu, magugu sakafuni, na juu ukutani boriti mbili zilizobaki, zimekatika katikati lakini mashina yake bado yamo kwenye matundu. Za kweli, mti wenyewe, baada ya siku tatu za kuchungulia mashimo.

Mtoto wa miaka tisa au kumi alikuwa amekaa kizingitini anakula embe bichi na chumvi.

"Shikamoo. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Nataka kupima chumba hiki. Kina mwenyewe?"

"Cha babu. Hakai humu, kinaanguka."

"Nishikie hapa, kwenye ukuta. Usiingie ndani."

Akafuta mkono kwenye kaptula, akashika kichwa cha tepu, akakibana ukutani kwa nguvu zake zote. Mimi nilizungukia upande wa pili, nikavuta mpaka ikakaza.

"Ngapi?" akauliza.

Nilimwambia aje asome mwenyewe. Akaja mbio, akainama, akafuata namba kwa kidole chenye chumvi.

"Mbili na themanini," akasema. "Ndiyo nzuri?"